Wimbo wa Masika Usipigwe Julai

Ifikapo Juni kila mwaka, programu za muziki kwenye simu huanza kutusukumia nyimbo za jua, ufukwe na likizo ndefu. Hazina nia mbaya. Zimetengenezwa na watu ambao kwao Juni ndipo joto linapoingia. Huku kwetu Igalula, mkoani Tabora, mwezi huo ni wa kipupwe. Usiku nyuzijoto hushuka hadi kama 15, asubuhi watu huota moto, mahindi yamekwisha kuingia ghalani, karanga zinabanguliwa, na mwenye tumbaku anasubiri zamu ya marobota yake kupanda mzanini. Anayeipokea orodha ile jinsi ilivyo anasikiliza majira ya watu wengine. Makala haya yanamshauri msomaji ajitengenezee orodha zake za nyimbo, moja kwa kila msimu anaouishi kweli, na yanashikilia hoja ambayo wengi wanaoshauri mambo haya huipita mbio: kinachoifanya orodha ibebe msimu ni mipaka yake kuliko uzuri wa nyimbo zilizomo. Inafunguliwa lini, inafungwa lini, na mwenye orodha anaweza kukaa miezi mingapi bila kuigusa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 2007 Petr Janata na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma enzi za utoto na ujana wao. Kwa wastani, asilimia 30 hivi ya nyimbo hizo ziliamsha kumbukumbu ya jambo fulani la maisha ya msikilizaji. Wengi huifurahia asilimia hiyo na kuishia hapo. Mimi naona zile 70 zilizobaki ndizo zenye somo: ni nyimbo zilizovuma, zilizopigwa kila kona, na bado hazikumkumbusha msikilizaji lolote. Maelezo mazuri ya hali hiyo yanapatikana kwenye kazi ya Olga na Michael Watkins ya mwaka 1975. Walionyesha kwamba kidokezo cha kumbukumbu hupungua nguvu kadiri mambo yaliyofungwa kwacho yanavyoongezeka. Wao walitumia maneno yaliyoorodheshwa, hawakutumia nyimbo, kwa hiyo kuihamishia hoja yao kwenye muziki ni hatua yangu mwenyewe. Lakini ni hatua fupi. Wimbo uliousikia wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, kwenye basi la kwenda Tabora, msibani na harusini, umefungwa kwa mambo mengi mno hata hauwezi kulivuta moja. Ule uliousikia wiki za kupanda tu, ukaunyamazia mpaka mwaka mwingine, una jambo moja la kuvuta.

Hapo hutokea pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Mtu atasema majira ni habari ya Ulaya, wenye theluji na maua ya Aprili. Sisi tulio karibu na ikweta tuna jua lile lile. Pingamizi hili lina hata takwimu za kuliunga mkono. Mwaka 2019 Minsu Park na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Human Behaviour uchambuzi wa nyimbo zilizopigwa mtandaoni mara milioni 765 na wasikilizaji milioni moja katika nchi 51. Waliona kwamba mabadiliko ya usikilizaji kwa majira hutegemea umbali kutoka ikweta, na yanaendana zaidi na urefu wa mchana. Sasa Igalula iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku yake ndefu kabisa na ile fupi kabisa hazipishani hata dakika 40. Kinachombadilisha msikilizaji wa Stockholm, yaani giza la Desemba na mwanga wa Juni, huku hakipo. Mpinzani amepatia kuhusu mwanga. Amekosea kudhani kwamba mwanga ndio msimu wote. Mkoa wa Tabora hupata kati ya milimita 700 na 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote humwagika kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo mvua hukatika kwa miezi mingi. Chakula, fedha, safari, harusi, vumbi, njia zinazopitika na zisizopitika, vyote hufuata mgawanyo huo. Msimu wetu ni wa mvua na kazi, na orodha ya nyimbo ya huku inapaswa kufuata mvua na kazi. Hata orodha ya jamaa wa Dar es Salaam haitatufaa sana, maana yeye ana vuli na masika zilizoachana, wakati huku Unyamwezini mvua huja kama msimu mmoja mrefu.

Na mambo haya hayakuanza na simu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kuvuka Ugogo ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kufika Unyanyembe, na Kigwa hadi leo ni jirani wa Igalula. Richard Burton, aliyefika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kuhusu kirangozi anayetangulia, pembe, ngoma na kelele za wapagazi njiani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu kazi ya uchukuzi katika karne ya 19, anaonyesha jinsi safari za Wanyamwezi zilivyofungamana na kalenda ya kilimo: wengi waliteremkia pwani wakati wa kiangazi na walitaka kuwa nyumbani jembe linapoanza. Si wote, kwa kweli. Walikuwapo wapagazi wa kudumu na Waungwana wa pwani waliotembea mwezi wowote. Lakini kwa kijana wa kawaida wa Unyamwezi, wimbo wa njiani ulikuwa na miezi yake na wimbo wa shambani miezi yake, bila mtu yeyote kukaa chini akapanga. Kwa majirani zetu Wasukuma jambo hilo bado liko wazi. Nyimbo zao za jembe, ambazo Frank Gunderson alizikusanya na kuzichapisha mwaka 2010, ni nyimbo za vikundi vya kulima. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huja baada ya mavuno, na sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, hufanyika kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, Juni kwa kawaida. Ngoma ya mashindano haichezwi wakati wa palizi, hakuna mwenye nafasi. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiziwekea nyimbo mipaka. Redio, kaseti, fleshi na simu zimeiondoa mipaka hiyo, na ndiyo maana leo mtu analazimika kuiweka kwa makusudi.

Basi anza kwa kuugawa mwaka wako. Usichukue miezi 3 mara 4 kwa kuwa kalenda ya ukutani inagawanyika vizuri. Hesabu vipindi ambavyo mwili wako unavijua. Kwa mkulima wa Igalula naona vinne. Kuna kungoja mvua, Septemba hadi katikati ya Novemba, joto kali la Oktoba, miche ya tumbaku kwenye vitalu, mashamba yanasafishwa, maembe yanaanza kuiva. Kuna kilimo chenyewe, kuanzia mvua ya kwanza ya kuaminika: matuta, kupanda, kupandikiza, palizi, majaruba ya mpunga kujaa maji. Kuna miezi ya kuvuna na kuchoma tumbaku, Februari hadi Aprili. Kisha kiangazi cha mavuno, mauzo, harusi na safari, ambacho hakihitaji maelezo. Kila mtu anakipenda na kila mtu ana nyimbo zake. Mwalimu wa shule ya msingi Goweko, au mfanyakazi wa reli, au mama lishe wa kituoni, atagawa kwa namna nyingine, kwa mihula, au kwa mienendo ya abiria, na atakuwa sahihi.

Kipindi cha tatu nakitaja zaidi kwa sababu hakuna programu ya simu itakayokibuni. Tumbaku ya mvuke ikiingia kwenye bani, moto hukaa siku tano hadi saba bila kuzimwa. Kwanza jani linageuka rangi, halafu linakauka jani, mwisho unakauka mshipa wa katikati, na kila hatua ina joto lake. Moto ukizidi jani huharibika, ukilegea pia huharibika. Kwa hiyo kuna mtu anayekesha, zamu kwa zamu, huku mvua ikinyesha nje. Usiku wa namna hiyo unataka nyimbo ndefu, zisizomlazimu mtu kushika simu kila dakika tatu, zenye mwendo wa kumweka macho bila kumchosha. Hapa muziki wa dansi wa zamani unafaa kuliko Bongo Fleva ya dakika mbili na nusu: gitaa linaanza taratibu, maneno yanaimbwa, kisha linaingia chemko. Mwenye bani akipiga orodha hiyo kwenye bani tu, kwa miaka mitatu mfululizo, atakuwa na nyimbo ambazo zikigusa sikio lake popote duniani zitamletea harufu ya jani linalogeuka rangi.

Orodha ifunguliwe kwa dalili, isifunguliwe kwa tarehe. Wapo watakaosema kwamba siku hizi majira yenyewe yameharibika, mvua ya Novemba inakuja Desemba, kwa hiyo orodha ya majira inajengwa juu ya kitu kisichokuwapo. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama tungefungua orodha kila tarehe 15 Novemba, mvua iwepo au isiwepo. Ukiifungua siku unayodondosha mbegu ya kwanza ardhini, ucheleweshaji wa mvua unakuwa sehemu ya kumbukumbu. Orodha ya mwaka ambao ilifunguliwa Desemba 20 itakuwa na ladha yake, na pengine itakuwa fupi. Chagua dalili moja kwa kila kipindi, tena iwe dalili ya kazi ya mikono: kuanza kumwagilia vitalu, kupanda, kuwasha bani la kwanza, kupima robota la kwanza. Dalili ya hisia haifai. Anayengoja mpaka ajisikie kwamba msimu umebadilika atangoja mpaka msimu uishe.

Kuhusu nyimbo zenyewe, ushauri wangu wa kwanza utawaudhi wapenzi wa muziki mzuri: weka unachokisikia kweli msimu huo, hata kama hukipendi sana. Wimbo uliopigwa na kila sabufa ya mnadani mwezi wa Agosti ndio utakaokukumbusha mwezi huo, hata kama kwa uimbaji ni dhaifu. Kwa Tabora kuna kishawishi kingine, cha kujaza orodha nyimbo za zilizopendwa kwa kuwa ni urithi wa nyumbani. Urithi huo ni mkubwa kweli. Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids ya Salum Zahoro, na kule Dar es Salaam Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na watu waliotoka magharibi mwa nchi, na Saboso yao. Lakini fikiri kwanza wimbo ule tayari umefungwa na nini. Kwa mwenye miaka 65, Tabora Jazz imekwisha kushikana na ujana wake na dansi za miaka ya 1970. Ukiuingiza kwenye masika ya mwaka huu utashindana na kumbukumbu kongwe, na utashindwa. Kwa kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kuusikiliza, wimbo huo huo ni shamba jipya. Kwa hiyo kwa wazee nashauri nyimbo mpya, na kwa vijana nyimbo za zamani, kinyume cha wanavyofanya wengi. Idadi iwe kama nyimbo 12 hadi 20. Kumbuka ile asilimia 30: ukiweka 5 unaweza usibaki na hata moja yenye uhai, ukiweka 100 hakuna itakayorudiwa vya kutosha ikashika.

Sehemu ngumu ni kufunga. Msimu ukiisha, orodha itolewe kwenye simu ya kila siku, isikilizwe tena dalili yake itakaporudi. Hapa watu hulalamika kwamba muziki ni starehe, na starehe ya kuwekewa sheria si starehe. Nawajibu kwa kuwaelekeza kanisani. Katika Kwaresima Wakatoliki hawaimbi Aleluya. Wiki sita hivi neno hilo halisikiki. Linaporudi usiku wa Pasaka, waumini wanalipokea kwa nguvu ambayo lisingekuwa nayo kama lingeimbwa kila wiki. Hakuna aliyewanyang'anya starehe, wameihifadhi. Ni sawa na embe: hakuna anayeulaumu mwembe kwa kutozaa Julai, na kama ungezaa kila siku tusingeukimbilia. Kweli kuna mambo yasiyozuilika. Basi litapiga wimbo wako wa masika katikati ya kiangazi, na redio haitakuomba ruhusa. Hilo halina madhara makubwa. Kusikia mara moja kwa bahati si sawa na kuupiga mwenyewe mara 40. Kwa sababu hiyo hiyo, orodha iwe na nyimbo kadhaa zisizovuma, ambazo hakuna basi wala kibanda kitakachokuingilia nazo.

Pingamizi lililobaki ndilo lenye uzito kuliko yote, nami sitalimaliza. Nyimbo za jembe na za msafara ziliimbwa na wengi kwa pamoja. Orodha ya simu husikilizwa na mmoja, mara nyingi kwa spika za masikioni. Msimu ulikuwa wa kijiji, sasa unakuwa wa mtu. Ni kweli, na orodha haitakirudisha kikundi cha kulima. Inaweza tu kupunguza upweke huo. Kila aliye nyumbani atoe wimbo mmoja, akiwemo bibi asiyegusa simu. Atauimba na utarekodiwa. Rekodi zako ziwe ndani ya orodha pamoja na za studio: kwaya ikifanya mazoezi, akina mama wakiimba kwenye palizi, hata mvua ya kwanza juu ya bati kwa nusu dakika. Omba ruhusa kabla ya kurekodi watu, na usiisambaze sauti yao bila wao kujua. Sauti zisizo kamilifu za namna hiyo zina faida ambayo wimbo wa studio hauna: hazikuwahi kupigwa popote pengine, kwa hiyo hazijafungwa na jambo lolote ila lile.

Gharama isimtishe mtu. Wimbo wa dakika 4 wenye ubora wa kawaida wa MP3 huchukua kama MB 4, kwa hiyo orodha ya nyimbo 20 ni MB 80 hivi, na kadi ya GB 16 ingebeba orodha za maisha yako yote. Ukisikiliza mtandaoni utamaliza bando kila siku kwa wimbo ule ule. Pakua mara moja, au waendee wanaoingiza nyimbo kwenye memori. Fungua folda moja kwa kila msimu, uipe jina la mwaka na msimu, na majina ya faili uyaanze kwa 01, 02, 03. Redio nyingi ndogo za fleshi hupiga kwa mpangilio wa faili zilivyonakiliwa, kwa hiyo nakili moja baada ya nyingine kama mpangilio una maana kwako. Weka nakala ya pili kwenye fleshi isiyotoka nyumbani, maana simu hudondoka majini, tena hasa masika. Kisha andika daftarini: wimbo, mwimbaji, siku orodha ilipofunguliwa, siku ilipofungwa, na mstari mmoja wa kilichotokea. Mwaka wa pili usianze upya kabisa wala usirudie yote. Bakiza nyimbo 3 au 4 zilizoshika, ujaze mpya, ili masika yawe na sura yake na mwaka nao uwe na sura yake.

Msimu ukiwa na msiba, usifute. Wengi hufuta folda nzima ili wasikumbuke, halafu baada ya miaka miwili wanaitafuta. Iondoe kwenye simu, iache kwenye fleshi, na msimu ule ukirudi uamue kama mwaka huu unaweza. Hakuna haja ya kujilazimisha.

Kwa Waislamu, nao ni wengi Tabora tangu enzi za misafara, qaswida za Ramadhani na za Maulidi zisichanganywe na orodha za mvua. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, hivyo Ramadhani hutembea kinyumenyume ikipita kilimo, kungoja mvua na kiangazi, na huuzunguka mwaka wote kwa miaka kama 33. Orodha yake ifunguliwe kwa mwandamo na kufungwa Idi, na daftari lionyeshe iliangukia msimu gani, maana futari ya wakati wa jembe na futari ya wakati wa mavuno hazifanani. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, zote mbili ndani ya mvua. Atakayekuwa na daftari wakati huo aache mistari miwili.